Shangazi, vipimo vyote safi ila mwili unaniua, na kila Jumatatu ndo nazidiwa

Shangazi shikamoo. Naomba usinitaje jina, mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, niko Mbagala nauza chakula, asubuhi supu na chapati, mchana wali na ugali. Nakuandikia saa nane usiku kwa sababu usingizi sina na hii ndo hali yangu miezi kadhaa sasa.

Shangazi naumwa ila hakuna anayejua naumwa nini. Ilianza na moyo kwenda mbio, yaani nimekaa tu nakata vitunguu moyo unaanza kudunda utadhani nimetoka kukimbizwa na mgambo, afu kifua kinabana, pumzi naivuta haitoshi, vidole vinakufa ganzi mpaka midomo inakuwa kama nimechomwa sindano ya kung'oa jino, nahisi kabisa hapa nakufa. Siku ya kwanza jirani alinipakia kwenye bajaji mpaka hospitali, wakanibandika zile waya kifuani wakapima moyo wakasema uko vizuri. Presha ilikuwa juu, walivyorudia baadae ikawa imeshuka yenyewe. Sukari hamna, damu ipo, malaria hamna. Nikaenda zahanati nyingine wakasema UTI na taifodi, nikachomwa sindano nikameza dawa zote, hakuna kilichobadilika. Tumbo nalo linawaka hapa juu chini ya chembe, kichwa kinauma kwa nyuma kinashuka shingoni mpaka mabegani, diklofenaki nameza karibu kila siku ndo naweza kusimama jikoni.

Juzi kati daktari mmoja kijana tu aliangalia makaratasi yangu akasema mama huna ugonjwa, punguza mawazo, afu akaita mgonjwa mwingine. Nilitoka pale nalia njia nzima. Kwani mi naigiza? Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma, akirudi ananikuta nimelala anasema siku hizi nimekuwa mvivu nadeka. Mama mkwe anasema nina mashetani yanataka kitu, kuna mtu Kongowe anataka laki na nusu ndo aniangalie. Kanisani nimeambiwa nifunge, nimefunga, tumbo ndo likazidi.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mwaka jana tulichukua mkopo wa kikundi, wamama kumi, hii watu wanayoita kausha damu, marejesho kila Jumatatu saa nne asubuhi na mimi ndo mwenyekiti. Kuna rafiki yangu nilimleta mwenyewe nikamsimamia, huyo amehama usiku na watoto wake, simu haipatikani. Deni lake limetuangukia sisi, na wenzangu wanasema nilipe mimi kwa sababu mi ndo nilimleta. Mwenzetu mmoja alishindwa wiki mbili tu wakaja wakambebea friji na godoro mtaa mzima unaangalia. Mume wangu hajui kama nilikopa, zamani niliwahi kukopa akaniambia ukirudia utaenda kuishi na hao waliokukopesha. Kwaya nimeacha kwa sababu wawili wa kikundi wako kwaya. Hata dada yangu akipiga sipokei, naona kama kila mtu anajua. Simu nimeweka mtetemo, ikitikisika tu mezani moyo unaruka.

Ila kuna kitu cha ajabu. Nikichunguza naona nazidiwa usiku wa kuamkia Jumatatu na Jumatatu yenyewe asubuhi. Ijumaa naweza nikawa mzima kabisa nacheka na wateja. Jumatatu ya Pasaka hawakuja kukusanya, nilipika pilau, nikawasuka watoto, mpaka jioni hata kichwa hakikuuma. Mama mkwe ndo anasema unaona, mashetani yana siku zao.

Shangazi inawezekana kweli mawazo yakaumiza mwili kiasi hiki, au kuna ugonjwa hawajauona? Nisaidie maana naogopa kufa niwaachie watoto hili deni.

Mama Wawili, Mbagala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole sana. Nianze na hilo lililokuliza njiani: huigizi. Mi nimekuwa nesi mpaka nikastaafu, nimeona wanaoigiza na nimeona wanaoumwa, anayeigiza haamki saa nane usiku akiwa peke yake gizani kuigiza, anamwigizia nani? Yule daktari kijana inawezekana alikuwa sahihi kwa nusu, lakini alivyolisema ndo aliharibu. Kumwambia mtu "punguza mawazo" bila kumuuliza mawazo gani ni kama hujamwambia kitu. Kipimo kikiwa safi maana yake ni kwamba kile alichokuwa anakitafuta hakipo, basi. Haimaanishi maumivu hayapo.

Sasa tuje kwenye huo moyo. Mwili wako ukiona hatari, iwe nyoka iwe ofisa mikopo, ubongo hauchagui, unapiga kengele ileile. Juu ya figo kuna vitezi vidogo vinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, presha inapanda, misuli inakaza, sukari inamwagwa kwenye damu ili upate nguvu ya kukimbia, na damu inapunguzwa tumboni kwa sababu muda huo kusaga chakula sio kazi ya haraka. Nyuma yake inafuata homoni nyingine inaitwa kotisoli, hii inakaa muda mrefu zaidi. Yote haya ni msaada kabisa kama nyoka yupo na baada ya dakika kumi ameshauawa. Tatizo lako wewe nyoka anakuja kila Jumatatu saa nne, na katikati ya wiki yuko ndani ya simu mezani. Ni sawa na jiko la gesi lililoachwa linawaka sufuria imeshaepuliwa, mtungi unaisha na hakuna kilichoiva.

Ile ganzi ya vidole na midomo iliyokutisha ndo rahisi kuliko zote kuielezea, na nashangaa hakuna aliyekuelezea. Ukiingiwa na hofu unapumua haraka haraka, juu juu, bila hata kujua. Watu wanadhani hapo hewa inapungua, kumbe ni kinyume, unatoa kabondayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, damu inabadilika kidogo, mishipa ya fahamu inakuwa na wasiwasi, ndo vidole na midomo vinachonyota na kufa ganzi, kichwa chepesi, kifua kinabana. Na wewe ukiona hivyo unaogopa zaidi, unapumua haraka zaidi, inazidi. Inatisha sana ila yenyewe haiui, mara nyingi ndani ya nusu saa hivi inakuwa imetulia. Ikikuanza kaa chini, mkono mmoja weka tumboni, vuta hewa kwa pua taratibu, afu itoe polepole kwa mdomo kama unapoza chai, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Endelea hivyo dakika kadhaa. Na usikubali mtu akufunike mfuko usoni, hizo za kwenye sinema achana nazo.

Hapo hapo nikuonye, sitaki ukasome hii afu kila maumivu ukayaita mawazo. Kifua kikibana kama kimewekewa jiwe na maumivu yanaenda mkono wa kushoto au taya, jasho la baridi linakutoka, au ukazimia, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni Jumatatu. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukatapika damu au kitu kama unga wa kahawa, hospitali. Unapungua uzito bila sababu, hospitali.

Na tumbo lako mimi siliachii mawazo peke yake. Zamani kila mwenye vidonda vya tumbo aliambiwa ana mawazo mengi, ikaisha hapo. Wakaja madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kuna bakteria anaitwa H. pylori anakaa tumboni na ndo chanzo cha vidonda vingi. Watu hawakuwaamini, Marshall akafikia mwaka 1984 kumnywa yule bakteria mwenyewe ili waone, akaugua tumbo kweli, na mwaka 2005 wakapewa Nobeli. Kwaio mwanangu kapime hiyo H. pylori, kipo cha choo na kipo cha pumzi, na ukikutwa nayo kuna dozi kamili ya antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, unaimaliza yote sio unaacha tumbo likitulia. Chanzo kingine kikubwa ni hizo hizo diklofenaki unazomeza kila siku. Dawa hizo zinakwangua ukuta wa tumbo, na wewe umezimeza huku umefunga! Ziache. Kichwa kikiuma tumia paracetamol, na yenyewe usiifanye chakula cha kila siku.

Ila usidhani mawazo yametoka kwenye kesi ya tumbo. Baada ya lile tetemeko kubwa la Japani la Machi 2011 madaktari wa kule waliona vidonda vya tumbo vimeongezeka, hata kwa watu ambao hawana huyo bakteria wala hawajameza dawa za maumivu. Kwaio ni vyote, mwanangu. Bakteria, dawa, na hofu vinashirikiana vizuri tu.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani naupenda kwa sababu ni wa kushika kwa mkono. Mwaka 1995 waliwachukua kinamama waliokuwa wanauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu, mzigo wa usiku na mchana, wakawachukua na wengine wa umri uleule wasio na mzigo huo. Wote wakatobolewa kijeraha kidogo mkononi, kipana kama milimita tatu na nusu, kilekile kwa kila mtu. Wale wanaouguza walichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Kidonda ni kilekile, tofauti ni maisha. Ukiona kijipu chako hakikauki, au mafua yanakuganda, au umejikata na kisu cha vitunguu kikachelewa, ujue sio bahati mbaya.

Nyingine ni ya London. Kuanzia mwaka 1967 walifuatilia wafanyakazi wa serikali, wanaume kama elfu kumi na nane, wote wana ajira, wote wanatibiwa bure. Wakakuta wale wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinzi wa milangoni, wanakufa karibu mara tatu ya mabosi. Sigara na presha na mafuta vilielezea sehemu tu. Watafiti waliofuatilia baadae wakaona kitu kimoja kinachojirudia ni kiasi gani mtu ana sauti kwenye kazi yake, au anapangiwa kila kitu na mtu mwingine. Nimekutajia hii kwa sababu nimesoma barua yako mara mbili na sioni mahali hata pamoja unapoamua kitu. Ofisa anaamua Jumatatu, wenzako wanaamua nani alipe, mume ameshaamua utaishi wapi ukikopa, mama mkwe ameamua una mashetani. Mwili wako ndo pekee unaopiga kelele.

Kuhusu hayo mashetani, mi siwezi kubishana na mama mkwe wako kwenye barua, na maombi kama yanakutuliza endelea nayo, omba sana. Ila angalia mwenyewe ulichoandika. Jumatatu ya Pasaka hakuna aliyekuja kukusanya, na kichwa hakikuuma. Shetani gani anafuata ratiba ya ofisi ya mikopo mpaka na sikukuu anapumzika? Hiyo laki na nusu ya Kongowe isitoke. Itakusaidia kwenye deni.

Sasa deni. Kule Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, kuanzia mwaka 2006 alifundisha mabibi wa mtaani Harare wakae kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya wasikilize watu. Bibi anakusikiliza mpaka mwisho, afu anakuuliza, katika haya yote tuanze na lipi? Mnachagua moja, mnalipangia hatua ndogo, unaenda kulifanya, unarudi. Walipopima, matokeo yakachapishwa 2016, waliokaa na mabibi walipona hofu na huzuni vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kituo. Basi mi leo ndo bibi wako wa benchi, na nakuchagulia kabisa: tuanze na mume.

Najua umeshtuka. Lakini hebu fikiria, katika yote uliyoyabeba, lipi linakukosesha usingizi, hela au siri? Kuna wenzako wanane wana deni hilohilo na wanalala. Wewe huli, hulali, kwaya umeacha, dada yako hupokei simu yake, umejifungia na hii kitu mwenyewe, na binadamu hajaumbwa hivyo. Mwaka 2010 walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya laki tatu wakakuta wenye watu wao wa karibu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai, kama nusu tena zaidi, kuliko waliojitenga. Kwa hiyo kabla ya mume, kesho mpigie dada. Sio umuombe hela, umwambie tu. Ukishalisema mara moja kwa sauti, mara ya pili kwa mume haitakuwa ngumu vile.

Mume ukamwambie akiwa amerudi, amelala usingizi wa safari ameamka, amekula, watoto hawapo. Usimwambie kwenye simu yuko mlima Kitonga anaendesha. Usianze na rafiki aliyekimbia wala kujitetea, anza na mwili wako: baba fulani, unaona ninavyoumwa, nimepimwa kila kitu, nimejua kinachoniumiza, naomba unisikilize mpaka mwisho ndo uongee. Afu mtolee karatasi, umeandika mlikopa ngapi, umelipa ngapi, lako limebaki ngapi, la yule aliyekimbia ngapi. Mwanaume akiona namba ana kitu cha kushika, asipoona namba atashika hasira. Atafoka, inawezekana, muache afoke. Ila kama unajua mume wako ni wa kupiga usikae nae peke yako, dada awepo au mzee mnayemheshimu, na hilo usilionee aibu.

Na kikundi. Itisha kikao, sio Jumatatu, siku nyingine bila ofisa. Ulimleta yule rafiki ndio, lakini kikundi kizima kilimpokea na kila mmoja alisaini dhamana ya pamoja, kwaio deni lake linagawanywa kwa wote kama mkataba unavyosema, haliangukii kichwa kimoja. Omba nakala ya mkataba, ni haki yako. Waulize hao wakopeshaji leseni yao ya Benki Kuu (BoT), kwa sababu tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayekopesha lazima awe nayo, na BoT imeshazuia wengi, mwaka 2024 peke yake ilitangaza aplikesheni 69 za mikopo zisizo na kibali. Kuja kubeba godoro la mtu bila utaratibu wa kisheria sio marejesho, hilo mnalipeleka kwa mtendaji wa mtaa na polisi. Kama wana leseni, nendeni ofisini kwao wote tisa mkaombe marejesho yapunguzwe na muda uongezwe, tisa mkiingia mlangoni hawawafokei kama wanavyokufokea wewe kwenye simu.

Mwili nao usiuache ukasubiri hayo. Kahawa na zile enaji drinki kama unakunywa ili usimame jikoni, punguza, zinaukimbiza moyo huo huo. Jioni tembea kidogo na watoto, hata mpaka stendi na kurudi. Usiku ukiamka saa nane usishike simu, na usiende duka la dawa kununua valiamu, ukizizoea kuziacha ni kazi nyingine. Ikifika wiki mbili bado hulali na hofu ipo palepale, hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, Temeke iko karibu na wewe, omba upelekwe huko. Sio kwamba umechizi. Kuna mazungumzo na kuna dawa, na zinafanya kazi. Na ile sentensi yako ya mwisho, kuogopa kufa uwaachie watoto deni: kama siku moja itageuka ikawa unatamani kufa, usisubiri wiki mbili wala barua yangu, mwamshe mtu aliye karibu akupeleke usiku huo huo.

Na ukienda hospitali beba makaratasi yako yote ya vipimo ili wasikuanzishe upya. Daktari akisema tena punguza mawazo, mwambie hivi: sawa daktari, nadaiwa, marejesho ni kila Jumatatu na ndo siku ninayozidiwa, sasa naomba H. pylori na naomba unipeleke kitengo cha afya ya akili. Ukimaliza kuongea na mume niandikie, nataka kujua hicho kikao cha kikundi mmekiweka lini.